Hotipoti Iliyobaki Getini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kimara, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Huu ni mwaka wa 16 tangu nioe. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, wa kati ni wa kiume wa miaka 10, na kitinda mimba ana miaka minne. Tangu Februari tunaishi na mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Muleba kutibiwa mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji, na macho sasa ni mazima. Magoti ndiyo yanayomsumbua, ndiyo maana nikamwomba asiwe na haraka ya kurudi kijijini.

Masika ya mwaka huu yalitufungia ndani. Unazijua njia zetu za mitaani huku: unatoka umevaa kiatu, unarudi umevaa udongo. Kila Jumapili ikawa ibada ya kwanza, chai, mimi nalala mpaka saa tisa, kisha naelekea kibanda umiza kuangalia mpira. Mama watoto ni fundi cherehani, anashonea hapohapo barazani. Siku saba yeye na mashine, mashine na ukuta. Mvua zilipokata mwishoni mwa Mei akaniambia, "Baba Watoto, jua limetoka. Na sisi tutoke."

Nikasema safari hii nitawafanyia mtoko wa nguvu. Nikasubiri mshahara, nikaulizia kazini, wakanielekeza hoteli moja ya ufukweni upande wa Kigamboni. Mama aliposikia tunatoka wote, aliamka saa kumi usiku akapika ndizi na maharage kama za kwetu, akazifunika kwa jani la mgomba aliloomba kwa jirani tangu jioni, akazitia kwenye hotipoti kubwa.

Getini mlinzi akafungua mkoba, akasema chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Nikamwelewesha kuwa ni chakula cha mzee. Akasema hayo ni maagizo. Hotipoti ikabaki kwenye kibanda cha walinzi, tukalipa kiingilio, tukaingia.

Chipsi kuku tuliagiza saa sita na nusu, zikaja saa nane kasoro. Kijana wangu akataka boya la kuogelea, kukodi nusu saa elfu tano. Binti alikaa na simu yake kutwa. Bosi alinipigia mara tatu kuhusu mzigo wa nondo. Mama alikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, kapakata viatu vyetu na mabegi yetu, na kila nikimwangalia ananiambia, "Mimi niko salama, chezeni tu." Jioni tulipotoka tukarudishiwa hotipoti. Ilikuwa nyepesi.

Nilipopiga hesabu nilikuwa nimetumia laki mbili na elfu kumi na tano. Kwenye bajaji mama akauliza taratibu, "Mwanangu, hizo si mbuzi wawili?" Mama watoto alinyamaza mpaka usiku, ndipo akaniambia kwamba kutwa nzima sikumsemesha sentensi tatu, na zote tatu zilikuwa za bei.

Sasa likizo ya Juni imeanza. Mama watoto anataka wikiendi hizi tuishi kama watu. Mama mzazi ameshatangaza kuwa mitoko mingine atabaki kulinda nyumba. Binti anasema yeye hataki kwenda popote. Nimefikiria nikope laki nane kwenye kikoba, niwapeleke wote Zanzibar siku tatu, nimalize hili deni la mtoko kwa mara moja. Lakini Julai nadaiwa ada ya binti. Nikope? Na nisipokopa, kwa hela ya kawaida nifanye nini? Jumamosi natoka kazini saa nane mchana. Jumapili niko huru baada ya ibada.

Baba Watatu, Kimara

*

Marahaba, Baba Watatu.

Usikope. Hilo nilimalize haraka, maana siyo kiini cha barua yako ingawa wewe unadhani ndicho. Kuanzia mwezi huu wageni wanamiminika Zanzibar na bei za vyumba zinapanda pamoja nao. Isitoshe, upepo wa kusi umeshaingia. Boti inayovuka kwenda Unguja wakati wa kusi ina namna yake ya kuwakumbusha abiria walichokula asubuhi. Utakaa Forodhani na bakuli la urojo mkononi, unapiga hesabu ya marejesho ya kikoba na ada ya Julai. Mkeo atakusemesha, nawe utajibu kwa bei. Sentensi ya nne hiyo.

Sasa tuje kwenye barua. Wewe ni mtunza stoo kweli. Kila kilichotoka na kila kilichoingia umekiandika, saa kwa saa. Najua boya lilikodishwa kwa elfu tano, najua bosi alipiga mara tatu, najua hata mzigo ulikuwa wa nondo. Lakini kuna mtu nimemtafuta sana. Tangu mnapoingia getini mpaka mnapopanda bajaji, mkeo hayupo. Alikaa wapi? Alikula nini? Yule wa miaka minne alikuwa mikononi mwa nani kutwa nzima, ufukweni, penye maji? Nabahatisha: alikuwa mikononi mwake. Ametoka kwenye cherehani akaenda kulea mtoto mchangani, na hiyo ndiyo ikawa tofauti yote ya siku yake. Usinijibu mimi. Nenda kamuulize yeye, na umuulize kwa upole, siyo kama unayetafuta mzigo uliopotea stoo.

Baada ya hapo, hotipoti. Mwanamke mwenye magoti mabovu ameamka saa kumi usiku, akapika, akafunika kwa jani la mgomba, katika jiji ambalo jani la mgomba unaliomba kwa jirani. Mtu wa namna hiyo alitaka kwenda. Ule ndio ulikuwa mchango wake kwenye mtoko. Wewe ulichangia mshahara, yeye ndizi. Getini akaambiwa mchango wake hauruhusiwi. Kilichobaki kwake ikawa kushika viatu. Leo anakwambia atalinda nyumba, nawe unaliandika kama jambo la kawaida! Nyumba gani ya Kimara inalindwa na bibi asiyeweza kukimbia? Ameona hana kazi kwenye safari zenu, tena ameona anaongeza kiingilio cha mtu mmoja. Wazazi wetu wa kijijini wakijiona ni gharama wanajiondoa kimyakimya, na wanatafuta sababu ambayo haitakuumiza.

Waliofaidi mtoko wenu ni wale walinzi. Walikaa kivulini, wakafunua hotipoti, wakala ndizi za Muleba za moto, wakapiga soga. Hakuna aliyewapigia simu kuhusu nondo. Siku uliyokuwa unawatafutia watu wako ilikuwa pale kwenye kibanda cha getini, na nyinyi mkaipita.

Kwa hiyo likizo hii nenda mahali pasipo na mtu wa kufungua mikoba. Jiji letu lina sehemu kama hizo nyingi kuliko tunavyokumbuka, na wewe wa Kimara una bahati ya kuwa mwanzo wa njia. Mwendokasi unaanzia kwenu na kuishia Kivukoni, unashuka mita chache kutoka kwenye kivuko. Siku za kazi ni vita, najua. Jumapili saa mbili asubuhi, mkitoka ibada ya kwanza, mnakaa kwenye viti, na bibi anakaa dirishani. Mpe dirisha yeye, siyo mtoto. Tangu Februari, ukitoa ile hoteli, ameiona Dar kupitia hospitali na uani kwenu tu.

Pale Kivukoni kuna soko la samaki la Feri. Mpeleke mama yako akaone mnada. Nakuhakikishia atawadharau. Mtu aliyekulia kwenye sato na sangara wa Ziwa Victoria akiona changu wamepangwa mafungu atasema hawa ni dagaa waliokua. Mwache aseme, watoto wacheke. Kisha vukeni na kivuko, nauli yake haifikii hata soda. Mkitokea upande wa pili msiende popote. Tandikeni khanga penye kivuli karibu na maji, fungueni hotipoti, kuleni. Mkishiba mnarudi. Kwa mtoto wa miaka minne kivuko chenyewe ni safari ya kutosha: magari yanaingia ndani ya chombo, chombo kinatikisika, honi inalia, mji unasogea. Sisi watu wazima ndio tunaohitaji kiingilio ili tuamini kuwa tumetoka.

Jumapili nyingine, Kijiji cha Makumbusho. Mwendokasi wa Morocco, halafu bajaji au daladala ya kwenda Makumbusho. Kituo kizima cha daladala kimepewa jina hilo na watu wanashuka hapo kila siku bila kuingia. Kiingilio kipo, lakini kwa Mtanzania ni kidogo. Ndani zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya nchi hii, kila moja kwa ukubwa wake halisi, na miongoni mwake kuna msonge wa Wahaya, ile nyumba ya duara ya kwenu Muleba. Unaona ninakokupeleka.

Miaka michache iliyopita niliingia pale nyuma ya familia moja iliyokuja na bibi yao. Bibi mwenyewe alikuwa anajikokota na mkongojo, mjukuu wa kike nyuma yake na simu, kachoka kabla ya kuanza. Walipofika kwenye ule msonge, nyasi za paa zimeshuka mpaka karibu na ardhi, bibi akasimama. Akampa mjukuu mkongojo. Akainama, akaingia peke yake kwenye giza la mle ndani, na sauti yake ikaanza kutoka: hapa ndama walilala, hapa moto, hapa mgeni anakaa, hapa wewe ukikaa bila ruhusa unachapwa. Mjukuu akaingia. Kisha wakaingia watoto wa shule waliokuwa wanapita na mwalimu wao, halafu mwalimu, na mimi nikaingia. Bibi alikuwa ameketi chini, magoti kayakunja kwa namna ambayo nina hakika nyumbani kwao alikuwa anasema haiwezekani. Yule binti alishusha simu. Baadaye kidogo akainyanyua tena, safari hii anamrekodi bibi yake.

Usimwambie mama yako kuwa unampeleka kutembea. Mwambie watoto hawajui babu yao alizaliwa katika nyumba ya namna gani, na wewe mwenyewe hujui kueleza. Utakuwa hujadanganya.

Bahari nayo. Mkeo aliposema jua limetoka nadhani bahari alikuwa nayo moyoni, na hakuna haja ya kuilipia. Coco Beach ni bure. Tatizo la Coco ni Jumapili jioni, jiji zima linakuwa pale na muziki wa magari matano unagombana masikioni mwako. Nenda asubuhi, na kabla ya kwenda angalia mwezi. Kwa sisi tuliokulia pwani hilo ndilo la kwanza, ila naona kizazi cha simu kimelisahau. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji yanakuwa ya bamvua: hapa Dar yanakupwa sana mnamo saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanageuka maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Ukitaka watoto waone kaa, kiti cha pwani (yule mnyama wa umbo la nyota) na vidimbwi vilivyobaki kwenye miamba, chagua Jumapili ya bamvua, mfike saa tatu. Wavae raba za zamani, ile miamba inakata. Maji yakianza kurudi mtoke. Pale maji yanapojaa yana mkondo, siyo mahali pa kumwachia mtoto wa miaka 10 ajifunze kuogelea peke yake, na yule mdogo asiwe mbali na mkono wa mtu mzima hata hatua mbili. Na huo mkono, Baba Watatu, siku hiyo uwe wako.

Visiwa viache kwanza. Nakiri kosa langu: mwaka mmoja, mwezi wa saba, nilimlazimisha mama yangu kwenda Mbudya. Ni kisiwa kizuri, kipo ndani ya hifadhi ya bahari, boti zinatoka Kunduchi na ni mwendo mfupi tu. Kwenda tulienda vizuri, bahari imetulia kama sahani. Kurudi tulirudi saa kumi, kusi limechachamaa, boti inapanda na kushuka, mama kapoteza khanga moja baharini na sauti yote kwa kuita majina ya mitume. Miezi miwili hakutaka kunisikia nikisema neno "matembezi". Kama kijana wako anataka kisiwa, nendeni wawili, asubuhi sana, mrudi kabla upepo haujaamka. Bibi apumzike.

Hapo nimegusa jambo ninalotaka uliweke moyoni zaidi ya orodha ya sehemu. Nani alikwambia lazima mtoke wote sita kila mara? Sita ni msafara. Msafara unahitaji kiongozi, mweka hazina na mtu wa kuhesabu watu, na vyeo vyote vitatu ulivibeba wewe. Ndiyo maana hukuwa na mdomo wa kuongea na mtu. Wagawe.

Kijana wa miaka 10 anataka kutembea na baba yake, basi. Mchukue Jumamosi moja ukitoka kazini, akukute Kariakoo, mshuke Kivukoni, mvuke na kivuko, mchukue bajaji mpaka upande wa pili wa Daraja la Nyerere, mrudi mnalipita kwa miguu. Lilifunguliwa Aprili 2016, urefu wake ni mita 680, na mwenda kwa miguu hatozwi kitu. Wewe unaijua nondo. Mwonyeshe zile nyaya zinavyolibeba lile zege. Hajawahi kukuona ukielezea kitu unachokijua. Anakuona ukiwa umelala au ukiwa kibanda umiza. Simu ya bosi ikiita hapo katikati ya daraja utaamua mwenyewe.

Binti sitaki umbembeleze. Mpe elfu arobaini mkononi na Jumapili moja, umwambie siku hii ni yako, unatupeleka unakotaka, chenji ni yako pia. Apange yeye usafiri, achague pa kula, atumie hiyo simu mnayoilalamikia kutafuta njia. Masharti ni mawili tu: bibi aweze kufika, na hakuna wa kunung'unika, ukiwemo wewe. Akitaka kuja na rafiki yake mmoja mkubalie. Mtoto wa miaka 15 anapokataa kwenda popote huwa anakataa kuburutwa. Huenda akawapeleka mahali pa ajabu mkala zege, yaani chipsi mayai, kwenye benchi la barabarani. Kaeni hapo hapo mle.

Sasa mama watoto. Usimpe baki. Wanaume wengi mkishaambiwa "mtoe mkeo" mnampeleka siku iliyobaki, na hela iliyobaki, na mwili uliochoka. Yeye mpe Jumamosi ya kwanza kabisa, kabla ya hawa wote. Bibi yupo nyumbani, binti mkubwa yupo, mtoto mdogo ana wa kumwangalia; hiyo ndiyo raha ya nyumba yenye watu na hamjaitumia hata siku moja tangu Februari. Mwambie tangu Jumatano, ili asipokee nguo ya mtu ya kumaliza Jumamosi jioni. Fundi cherehani ukimshtukiza anakwenda na mawazo ya gauni la mteja kichwani.

Mwezi huu jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Fikeni Coco saa kumi, nunueni muhogo wa kukaanga, ule wanaoupasua wakautia kachumbari na pilipili ya maji, mle kwa mikono kwenye karatasi, mtelemshie kwa dafu. Jua likianza kulegea tembeeni taratibu mpaka Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, lina njia ya waenda kwa miguu, mvuke nalo mpaka upande wa Hospitali ya Aga Khan. Ni kama kilomita moja juu ya maji, na wakati wa kipupwe upepo wa pale unatosha mtu kujifunga khanga mabegani. Beba khanga wewe. Ndiyo, wewe. Nataka aone umeikumbuka.

Mtaongea nini? Naona unauliza. Miaka 16 mmekuwa mkiongea ada, gesi, luku na kodi, na mazungumzo mengine yameota kutu, siyo dhambi. Usianze na maswali makubwa. Muulize ni nguo gani ya mwaka huu aliyoshona akaipenda mpaka akasikitika mwenyewe alipokuja kuichukua. Sijui atajibu nini, lakini fundi yeyote ana jibu la swali hilo na hakuna anayemuuliza. Kisha nyamaza, usimkatize, na ukishikwa na hamu ya kutaja bei ya muhogo jing'ate ulimi.

Maonyesho ya Sabasaba yakianza mwisho wa mwezi, vijana wawili wakubwa waende; bibi na mtoto mdogo usiwatie kwenye lile vumbi na ule msongamano. Mpira wako wa Jumapili jioni sikunyang'anyi. Mitoko yote ya Jumapili niliyokutajia inaanza asubuhi na saa tisa mmesharudi, kwa hiyo unachopoteza ni usingizi wa mchana, na huo hata mbele ya Mungu huwezi kuutetea kila wiki.

Kama roho bado inataka safari yenye tiketi, weka akiba ya treni ya umeme. Ilipoanza kubeba abiria kwenda Morogoro, Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 13,000 kwenda. Piga hesabu ya familia, ulizia bei ya sasa, na uone kwamba asubuhi mnatoka, mchana mnakula chini ya milima ya Uluguru, usiku mnalala kwenu Kimara. Ingiza hilo kwenye Agosti, ada ikishalipwa. Mama yako aliyekuja mjini kwa basi la kutwa na usiku atakuwa na mengi ya kusema kuhusu gari linalofika Morogoro kabla chai ya chupa haijapoa. Chai hiyo mtaibeba, maana chupa ya chai na hotipoti haviachwi tena nyumbani wala getini.

Kuhusu kulinda nyumba, mama akikataa safari ya kwanza usimvute mkono. Nendeni Feri bila yeye, lakini ndizi zipikeni nyinyi wenyewe, wewe na kijana wako, mpike vibaya kama mtakavyopika, na mrudi na hotipoti imebaki nusu. Iweke mezani mbele yake, ifunue, usiseme kitu. Ataonja. Atauliza ni nani aliyewafundisha kupika ndizi namna hiyo. Jumapili inayofuata mtamkuta jikoni saa kumi usiku.

Shangazi